Uzi: Barabara ya Uyole hadi Matema, na watu wa Ziwa Nyasa ambao lami bado haijawafikia

MzawaWaKyimo (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Mtu akitaja barabara ya pwani, akili za wengi zinakwenda moja kwa moja Bahari ya Hindi: Bagamoyo, Tanga, Kilwa, Lindi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna pwani yetu ya maji baridi, na tuna barabara ya kuifikia ambayo kwa mandhari sijaona ya kuizidi hapa nchini. Nazungumzia Uyole, Tukuyu, Ipinda mpaka Matema. Nimezaliwa kando yake. Nimeipita kwa lori la ndizi, kwa Coaster, kwa pikipiki na kwa miguu, na nimeona jinsi vijiji vyake vinavyolishana. Nataka tuizungumze kwa kirefu, halafu tuzungumze na pale inapokatika, maana baada ya Matema pwani inaendelea na watu wake wapo.

Ukitoka Mbeya mjini, pale Uyole unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, unakata kulia. Unapita Igawilo, na muda si mrefu gari linaanza kupandisha milima ya Poroto. Hapo ni nchi ya viazi mviringo, kabichi na karoti. Isyonje ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kitulo na Makete, na magunia ya viazi utayakuta yamepangwa kando ya lami, mengine yameshonewa lumbesa mpaka yanaota kichwa. Ukungu hapa hauna saa maalumu. Unaweza kuwa na jua Uyole, ukifika Isyonje huoni gari lililo mbele yako. Kulia kuna njia ya kwenda Ziwa Ngosi, lile la kreta, na mbele kidogo mlima Rungwe unasimama kushoto kwako, unakaribia mita 3,000. Kwenye misitu ya mlima ule ndiko alikotambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 nyani mdogo anayeitwa kipunji, ambaye wazee wetu walikuwa wanamjua kwa jina hilo hilo tangu zamani.

Halafu unateremka Kiwira. Hapa naomba tukae kidogo.

Soko la ndizi la Kiwira lina kazi ambayo mpita njia haioni. Mikungu inaletwa kutoka mashambani kichwani, kwa baiskeli, kwa bodaboda, minne mpaka sita kwa safari. Mama anaishusha, anakata upya kikonyo kwa kisu ili mnunuzi aone kwamba imekatwa karibuni, na utomvu unaanza kuchuruzika pale pale. Wapakiaji wanavaa gunia begani kwa sababu utomvu wa ndizi ukikauka kwenye nguo hautoki tena. Kwenye lori mkungu hautupwi. Unasimamishwa, unalalia mwenzake, katikati yanasokomezwa majani makavu ya mgomba, na anayepanga ni fundi anayeheshimika, kwa sababu akipanga vibaya mzigo unafika Dar es Salaam umechubuka na mwenye mali anakula hasara. Nimekaa sana na watu hawa. Ukiwauliza barabara ina faida gani, hawakupi hotuba. Wanakwambia zamani mkungu ulikuwa unaivia shambani.

Karibu na hapo kuna Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojitengeneza juu ya mto Kiwira, na Kijungu ambako mto wote unajibana kwenye shimo la jiwe. Mgeni asiyepita pale amekosa.

Tukuyu ni mvua na chai. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, na huo mji "mpya" una hadithi yake nitakayoirudia. Kuanzia Tukuyu kwenda chini unashuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kugusa ziwa, na hapo ndipo utakapoona abiria wanavua masweta mmoja mmoja. Chai inaisha, migomba inazidi, chini ya migomba inaanza kuonekana mikakao, halafu michikichi, halafu ghafla nchi inakuwa tambarare na mpunga umetanda mpaka jicho linapoishia. Hiyo ni Kyela. Mchele wake kila mtu anaujua, na kila mwenye duka Dar anadai anauuza, hata aliouchota kwingine kabisa.

Pale Kikusya unaiacha barabara kuu, unafuata Ipinda. Kipande hiki cha Kikusya, Ipinda hadi Matema ni kilomita 39 hivi, na lami yake si ya siku nyingi. Kwa wanaokumbuka kilivyokuwa wakati wa masika, mto Mbaka na Lufilyo ikijaa, hawana haja ya kusimuliwa.

Na mwisho wake ni Matema. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, inaingia majini bila kuacha hata uwanda wa kulima. Mchanga ni safi. Maji yanafika kina cha mita 700 na zaidi huko katikati. Jumamosi kuna soko la Lyulilo, hatua chache kutoka Matema, na huko ndiko mitumbwi inakoleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe na vijiji vya mbele. Wanaofinyanga ni akina mama. Chungu cha Mkisi ni chepesi kuliko unavyotegemea ukikiangalia, kuta zake nyembamba, kimesuguliwa mpaka kinateleza, na shingoni kimepakwa michirizi myeupe juu ya udongo mwekundu. Mama muuzaji anakigonga kwa kidole. Kikilia vizuri, unalipa. Kikitoa sauti ya kuziba, kina ufa, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukiweka pembeni. Vyungu vile vinafungwa kwa nyasi, vinapakiwa, vinapanda barabara yote niliyoieleza, na utavikuta sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na hata Dar.

Sasa hoja yangu. Barabara hii imewaunganisha watu wa baridi na watu wa joto. Kiazi cha Isyonje kinaliwa Matema, samaki wa Matema analiwa Tukuyu, chungu cha Ikombe kinapikia maharage ya Mporoto. Lakini huyo Mkisi aliyefinyanga chungu, lami inamfikia yeye? Kutoka Matema kwenda Ikombe wengi wanakwenda kwa mtumbwi au kwa miguu. Mbele ya hapo, Lumbila, Kilondo, Makonde, mpaka Lupingu na Manda, ni maji na mlima. Barabara ya pwani ya Nyasa tunayo kwa vipande, na kipande kilichokosekana ndicho chenye watu wanaoihitaji kuliko wote.

Karibuni tuchangie, hasa wenyeji na madereva.

DerevaWaKasumulu

Mkuu, umeieleza vizuri ila umeipita haraka mno sehemu ya mteremko. Mimi nashusha mizigo ya Malawi, mbolea, saruji, wakati mwingine mafuta. Jirani yetu hana bahari, sehemu kubwa ya mzigo wake unaopita bandari ya Dar unateremka hapa kwenda mpaka wa Kasumulu, halafu Karonga. Kwa hiyo ndugu zangu, hiyo barabara mnayoiona ya kutalii, kwetu ni barabara ya kazi yenye gari zito mbele na nyuma.

Kwanza ukungu wa Poroto. Washa taa, punguza mwendo, usimfuate mwenzako kwa kuangalia taa zake za nyuma maana naye akikosea mnakwenda wote. Pili mteremko. Gia uliyoshukia ndiyo unayobaki nayo. Vijana wengi wanaachia gia ili kubana mafuta, wanategemea breki, na breki zikichemka hazikupi onyo la pili. Utasikia harufu tu. Mimi nikifika Tukuyu nasimama, utingo anazunguka gari anagusa ringi moja moja, tunaacha zipoe, tunakunywa chai, ndipo tunaendelea. Mwenye mali akipiga simu namwambia ukweli kwamba nimesimama kupoza tairi. Hajawahi kunigombeza.

Tatu, na hii nawaomba wenye vijiji mnisikie. Wauza ndizi na parachichi wanakimbilia gari likiwa bado linatembea. Watoto pia. Dereva wa lori lenye tani 30 hawezi kukwepa kama wa bodaboda. Barabara ilitiwa lami, lakini mahali pa kusimama na kununua hapakutengenezwa. Kila mmoja anauzia kwenye bega la lami. Ningekuwa na sauti ningesema kila soko la kando ya barabara litengwe sehemu ya magari kuchepuka. Biashara ingeongezeka na watu wangepona.

JubaWaIpinda

Mwanangu uliyeleta uzi, ndaga fijo, asante sana. Umeitaja mikakao kwa neno moja tu na kupita, ngoja mama yako nikuelezee.

Kakao si zao la kuvuna na kuuza jioni. Unapasua tunda, unatoa mbegu zikiwa na ute wake mweupe, unazivundika kwenye sanduku la mbao umezifunika majani ya mgomba. Siku tano, sita hivi. Katikati unazigeuza ili zipate joto sawasawa, na ukiingiza mkono unalisikia joto lenyewe, halafu harufu inakuwa ya siki. Ukizitoa mapema zina uchungu mbaya. Ukichelewa zinaoza. Baada ya hapo unazianika kwenye kichanja, unazichambua, unazigeuza, wingu likitokea unakimbia kufunika. Huku kwetu mvua haina adabu, kwa hiyo unaishi na jicho moja juu.

Sasa fikiria umefanya yote hayo, halafu gunia linapakiwa kwenye baiskeli kupita kwenye tope kwenda ghalani, linalowa. Linapata ukungu. Kazi ya wiki mbili imeharibika katika mwendo wa saa mbili. Lami ya kwetu ilipokuja, kwa mimi kitu cha kwanza kilichobadilika kilikuwa hicho: kakao inafika kavu kwenye chama cha msingi. Inapimwa, inasubiri mnada, na mnunuzi anakuja na lori mpaka Ipinda. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipopaa duniani, kilo ilipita shilingi 20,000 hapa kwetu. Niliona nyumba za bati zikiota kama uyoga. Niliona pia wizi wa matunda shambani, watu wakalala kwenye mikakao na tochi. Vyote vilikuja pamoja.

Hao wa ng'ambo ya Matema wana ardhi ndogo lakini wana mikono. Barabara ikifika watapata la kufanya, sina shaka nao.

MtuWaMwanjelwa

Nakubaliana na mandhari, sikubaliani na hoja. Wakuu, tuwe wakweli. Kutoka Ikombe kwenda Lupingu mlima umeingia majini. Hakuna pa kupitisha barabara bila kupasua mwamba kilomita na kilomita, na ukishapasua, kila masika kifusi kitashuka. Watu wa kule ni wachache. Fedha hizo hizo zikiwekwa kwenye barabara za ndani za Rungwe na Busokelo zitawafikia watu wengi zaidi. Kwa watu wa kandokando ya ziwa, dawa ni meli. Tunayo MV Mbeya II inayobeba abiria 200 na mizigo tani 200, tuna zile mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, za tani 1,000 kila moja. Tuzitumie.

MzawaWaKyimo

Kaka wa Mwanjelwa, hoja yako ina uzito na siwezi kuipuuza. Mlima ule naufahamu. Ila nikuombe uangalie mambo mawili.

La kwanza ni la historia. Wajerumani walipofika huku miaka ya 1890 hawakuja kwa barabara. Walipanda kutoka Zambezi na mto Shire, wakaingia ziwani. Meli yao Hermann von Wissmann iliunganishwa ziwani kipindi hicho. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin nao walifika Unyakyusa mwaka 1891 kwa njia ya ziwa. Makao ya serikali yalikuwa Langenburg, na Langenburg hiyo ya kwanza ilikuwa pale Lumbila, ufukweni, chini ya Livingstone. Kufikia mwaka 1900 hivi ndipo yalipohamishiwa mlimani, ikawa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu yetu. Maana yake ni kwamba Lumbila ambayo leo tunasema iko mwisho wa dunia, ilikuwa ndiyo mlango wa kuingilia. Barabara ilipopita mlimani, mlango ukahama, na waliokuwa mlangoni wakabaki nyuma ya nyumba. Watu hawakujipeleka mahali pagumu kwa ujinga wao. Sisi ndio tulioihamisha njia.

La pili ni upepo. Meli ni nzuri, naiunga mkono, na naomba iwe na ratiba isiyoyumba. Lakini mwera ukianza kuvuma, kuanzia Mei mpaka Agosti, ziwa linageuka. Mawimbi yanakuja kutoka kusini yamekusanya nguvu kwenye maji ya urefu wa zaidi ya kilomita 500. Boti ndogo hazitoki. Meli kubwa inaweza kutoka, lakini vijiji vingi havina gati, kwa hiyo inasimama mbali na watu wanashushwa kwa mitumbwi. Hapo ndipo hatari ilipo. Na bandari yenyewe ya Itungi ilijaa mchanga mpaka vyombo vikawa vinatumia bandari ya Kiwira, ya huko ziwani, si Kiwira ya soko la ndizi. Ukisema meli peke yake, umesema nusu.

Kuhusu barabara za ndani, niko na wewe. Ile ya mzunguko wa Katumba, Lwangwa, Mbambo mpaka Tukuyu ndiyo mkombozi wa Busokelo. Huko kuna chai, kuna ndizi, na pale Kyejo kuna gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini yenyewe na kupelekwa viwandani, ile inayotiwa kwenye soda. Naitaka hiyo na naitaka ya pwani. Sioni kwa nini mmoja alale njaa ili mwingine ale.

MkisiWaLupingu

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Asante mleta uzi kwa kututaja, maana mara nyingi Ziwa Nyasa likizungumzwa watu wanaishia Matema wanapiga picha.

Sisi Lupingu tuna afadhali, tuna njia ya kupanda Ludewa mjini. Ni kali, ina kona za kukata roho, lakini ipo. Wenzetu wa Makonde, Kilondo na Lumbila maisha yao ni boti. Nitawaeleza maana yake kwa mambo ya kawaida kabisa.

Usipa, dagaa wetu wa ziwani, ukivuliwa kwa wingi unaanikwa mchangani. Ukishakauka anakuja mfanyabiashara na boti yake. Yeye ndiye mwenye usafiri, kwa hiyo yeye ndiye anayetamka bei. Ukikataa, anang'oa nanga, na wewe unabaki na usipa unaoanza kuchacha. Samaki mbasa mnono anaweza kuuzwa ufukweni kwetu kwa bei ambayo ukiwaambia watu wa Tukuyu hawaamini. Halafu mfuko wa saruji, bati, sukari, chumvi, vyote vinakuja kwa boti hiyo hiyo na bei yake imeshapanda kabla haijagusa mchanga. Tunauza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu, yote kwa sababu ya njia.

Mgonjwa ni suala jingine. Ndugu yangu wa karibu alishikwa na uchungu wa kujifungua usiku, ziwa limechafuka. Wanaume walikaa ufukweni wanaangalia maji wakisubiri yatulie, na akina mama wazee ndani wanafanya wanachokijua. Asubuhi ndipo boti ikatoka. Mama na mtoto walipona, namshukuru Mungu. Lakini kila mtu wa pwani ile ana hadithi kama hii na si zote zinaishia hivyo.

Kaka wa Mwanjelwa anasema tuko wachache. Tungekuwa wengi kama vijana wasingekuwa wanaondoka. Mwalimu mgeni akipangiwa kwetu, anashuka kwenye boti, anaangalia mlima nyuma na maji mbele, na kabla hajafungua begi ameshaanza kuulizia uhamisho.

Mimi siombi lami ya kupendeza. Naomba njia ya kupitisha gari la wagonjwa na pikipiki ya mizigo, hata ya changarawe, ipasuliwe kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, Matema kuja huku na Lupingu kwenda huko. Na magati ya zege kwenye vijiji vikubwa ili meli iguse. Kule mlimani kwetu Ludewa wamemwaga zege barabarani, Lusitu mpaka Mawengi, kilomita 50, kwa sababu mvua na utelezi vilishinda njia za kawaida. Kwa hiyo ufundi wa kujenga mahali pagumu upo, na umefanyikia wilayani kwetu.

WaMbambaBay

Naongezea kutoka kusini. Sisi wa wilaya ya Nyasa tulikuwa kama ninyi. Lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita 66, imekamilika miaka ya karibuni tu, na kabla ya hapo kushuka ule mlima kulikuwa kufunga safari kwelikweli. Leo samaki anavuliwa usiku, asubuhi anatiwa barafu, mchana yuko Mbinga na jioni yuko Songea. Zamani tulilazimika kumkausha karibu wote. Bei ya samaki mbichi na ya mkavu haifanani, kwa hiyo mvuvi anaona tofauti mfukoni mwake siku hiyo hiyo. Watu wa Mbinga nao wanashuka na maharage na ndizi, na wikiendi wanashuka kuogelea.

Mto Ruhuhu nao ulikuwa ukuta kati ya Ludewa na sisi. Tulivuka kwa kivuko, mto ukijaa mnalala. Sasa kuna daraja, na kutoka Manda unaingia Lituhi, unashuka Liuli mpaka Mbamba Bay. Liuli hiyo ndiyo iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa ajili ya ule mwamba ulio majini, na ndiko ile meli Hermann von Wissmann iliposhambuliwa na Waingereza Agosti 1914 ikiwa imepandishwa kwa matengenezo, vita vikiwa vichanga kabisa. Mgeni akipelekwa pale na kusimuliwa anasahau njaa.

Kwa hiyo ukiangalia ramani, kusini pameshafunguka, kaskazini pameshafunguka mpaka Matema. Katikati ndipo palipobaki. Nisisitize alilosema Mkisi wa Lupingu: ianze njia ya kupitika, lami itakuja yenyewe wakishaona mzigo unaotoka.

MgeniWaMorogoro

Wakuu mmenipa hamu. Nataka kuja na familia, watoto wawili wadogo. Je, kwa gari dogo inawezekana? Na wakati gani ni mzuri?

MzawaWaKyimo

Karibu sana ndugu. Gari dogo linafika Matema bila shida, ni lami. Njoo kuanzia Juni mpaka Oktoba, mvua inapopungua. Juni na Julai Isyonje na Tukuyu kuna baridi ya kuuma, watoto wabebee masweta mazito, na Matema wabebee nguo nyepesi, yote kwenye begi moja. Panga safari uwe Matema Ijumaa jioni ili Jumamosi uwahi Lyulilo. Wahi asubuhi, vyungu vizuri vinaondoka mapema na wachuuzi wa Mbeya. Ukinunua, mwombe mama mwenyewe akufungie kwa nyasi, na usimkazanie sana bei.

Njiani usile mzigo wote wa hamu siku moja. Ngosi ni ya kupanda kwa miguu msituni, inateleza, kwa watoto wadogo naona iache. Daraja la Mungu linafikika kwa urahisi zaidi. Ziwani waogelee mahali ambapo wenyeji wanaogelea, na uulize kwanza, hasa karibu na midomo ya mito, maana mamba wapo. Ukiona kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji, ni wadudu wadogo wanaoruka kwa mamilioni, usishtuke.

Na ukitaka kununua ndizi Kiwira, msikilize dereva wetu hapo juu: chepuka kabisa nje ya lami ndipo usimame.

DerevaWaKasumulu

Hapo umenena. Na niseme jambo moja kwa Mkisi wa Lupingu. Njia ikipasuliwa kwenu, msirudie kosa la huku kwetu. Kabla nyumba na vibanda havijabana barabara, tengeni eneo la soko na maegesho, mapana, kijiji kikae kiandike. Huku Kiwira kupata eneo hilo leo ni kulipa fidia na kuvunja nyumba za watu.

MkisiWaLupingu

Nimelipokea, mkuu. Ajenda ya mkutano wa kijiji nitaipeleka mimi mwenyewe, na nitawaomba wenzetu wa Makonde na Kilondo wafanye hivyo hivyo, tutenge eneo hata kabla greda halijaonekana. Mleta uzi, kama unafahamiana na watu wa halmashauri ya Kyela, waulize upande wa Matema kuja Ikombe wamepanga nini mwaka huu wa fedha. Sisi upande wa Ludewa tutamuuliza diwani wetu, majibu ya pande zote mbili tuyaweke hapa hapa kwenye uzi.